Mkwaruzo Karibu na Dubu

Mama mkubwa Aslaug hakuwa mtu wa kuomba. Aliponiomba hili alikuwa na miaka tisini na moja na mimi hamsini na tano, na sikumbuki kama kabla ya hapo aliwahi kuniomba hata nimfungulie mlango.

"Lipeleke bakuli kwa yule mthamini anayekuja ukumbini Jumamosi," alisema. "Nataka karatasi. Iandikwe ni kitu gani, cha lini, kimetoka wapi na kina thamani gani. Iwe na sahihi."

"Na akiandika kwamba ni takataka?"

"Basi nitajua kwamba nimekuwa mwongo miaka sabini. Nenda."

Bakuli lenyewe ni la mti, jekundu, upana wake kama shibiri na kidogo. Nje limezungukwa na wanyama sita waliochorwa kwa mkono: dubu, sungura, mbweha, mbwa mwitu, kulungu na kindi. Ndani, chini kabisa, umeandikwa mwaka 1794. Ni bakuli la bia, la kupitishwa mezani kwenye harusi na mazishi, kila mtu anakunywa na kumpa jirani yake.

Aslaug alikuja nalo alipoolewa na Torstein wa Midtbø. Hakuja na kingine. Dada zake Torstein walicheka siku hiyo na hawakuacha mpaka walipokufa. Walisema amelinunua dukani kwenye hoteli ya watalii kule ziwani, kisha akajisingizia ni la kwao. Kwa maana kwao ilikuwa Brattli, na Brattli kilikuwa kibanda tu juu ya mteremko, kwenye ardhi ya shamba la Uppigard. Waliokaa humo walilipa kwa siku za kazi: kuvuna, kukata magogo, kubeba chochote kilichotakiwa kubebwa. Watu wa namna hiyo walikuwa na vijiko vya mti na kikohozi. Hawakuwa na mabakuli ya sherehe.

Mama yangu alikuwa mdogo wake Aslaug, kwa hiyo kile kicheko kilikuwa changu pia. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano. Nakereza mbao na kutengeneza milango na madirisha. Sijui mambo mengi, lakini mti naujua.

Jumamosi hiyo ya Machi ukumbi wa kijiji ulikuwa umejaa. Mlangoni theluji ilikuwa imegeuka uji, na wanawake wa chama cha kijiji walikuwa wanauza kahawa na keki za moto zenye jamu. Nilisimama kwenye foleni na bakuli langu ndani ya foronya. Nyuma yangu akaja Gjermund wa Uppigard, amekumbatia saa ya ukutani kama mtu aliyebeba kondoo mgonjwa.

"Umeleta nini, Sveinung? Mguu wa kiti?"

"Bakuli la mama mkubwa."

"Lile la hotelini?"

Akaibana saa kwapa la kulia, akanywa kahawa yake kwa mkono wa kushoto, akaanza upya.

"Ule mlango wangu wa jikoni unakwama."

"Haukwami. Ulitaka ufunguke kwa mkono wa kushoto, nikautengeneza hivyo. Mwambie mkeo auzoee."

"Mke wangu anasema ulikuwa umelewa."

"Mke wako aliolewa Uppigard kwa hiari yake."

Walio karibu wakacheka, na Gjermund akacheka pia. Watu wa Uppigard ni wa mkono wa kushoto tangu enzi na enzi, na kijijini hatujachoka kuwatania. Zamani mhunzi alikuwa akiwafulia miundu yao peke yao, na hakuna mwingine aliyeweza kuitumia.

Mthamini aliitwa Benedikte Wiik. Alikuwa mwembamba, miwani yake inaning'inia kwa kamba, na mikono yake haikuwa na haraka. Alilitoa bakuli kwenye foronya, akaligeuza mara moja kwenye mwanga wa taa.

"Zuri," alisema. "Miaka ya elfu moja mia tisa thelathini. Yalitengenezwa mengi kwa ajili ya watalii, wakayaandika tarehe za zamani. Krona mia nane. Ukipata mtu mwenye moyo mwema, elfu moja."

Nyuma yangu Gjermund alikohoa, na hakuwa na kikohozi.

"Unajuaje?" nikamuuliza.

"Ngozi yake. Inang'aa mno. Bakuli la miaka mia mbili haliwi hivi."

"Hiyo ni vanishi ya sakafu."

Akavaa miwani ili anione mimi, si bakuli. "Vanishi ya nini?"

"Ya sakafu. Mumewe mama mkubwa alipaka sakafu ya jikoni mwaka 1956, ikabaki robo kopo. Torstein hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alilipaka bakuli, akapaka kinu cha kahawa, akapaka na redio. Redio haikuimba tena."

"Hata hivyo, bwana..."

"Lipime."

Nilikuwa nimekuja na bikari yangu ya chuma ya kupimia upana mfukoni. Niliiweka mezani mbele yake. Mtu mwingine angenifukuza, lakini yeye aliichukua. Akapima upande mmoja, akaandika. Akapima upande mwingine, akaandika, akapima tena.

"Sentimita ishirini na tatu na nusu huku," alisema. "Ishirini na mbili na robo huku. Si duara."

"Lilikuwa duara siku lilipotoka kwenye mashine ya kukereza. Watu wa zamani walikereza mti mbichi, kwa sababu mti mbichi ni laini. Kisha ukikauka unanywea, na haunywei sawa pande zote. Yale ya watalii yalikerezwa kwa mti uliokaushwa kwanza kwenye tanuri. Hayo yako duara mpaka leo. Ninayo matatu nyumbani, naweka misumari ndani yake. Ukitaka nitakuletea uyapime."

Aliinuka, akaenda nalo dirishani. Alilishika kwa mshazari, akatazama rangi kwa upande, mnyama mmoja baada ya mwingine. Akarudi, akatoa pamba na kichupa, akasugua sehemu ndogo chini ya mguu wa kulungu. Pamba ikawa ya njano kama mkojo. Chini ya ile njano palikuwa na wekundu mwingine, mkavu na wa kimya, usiong'aa hata kidogo. Foleni ilianza kunung'unika. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti kama tunakereza lingine.

"Nimekosea," alisema Benedikte Wiik.

Nilimpenda kwa hilo. Watu wachache hulisema neno hilo wakiwa mezani na foleni inawasikia.

"Ni la kweli, na mwaka ni wa kweli. Jina la mchoraji silijui, hakuna anayelijua, lakini mkono wake naujua. Nimewahi kuona mawili ya kwake. Tazama, wanyama wote wamegeuza shingo wanaangalia nyuma, kana kwamba wameitwa kwa majina. Hakuna mwingine aliyechora hivyo." Akapitisha kidole ukingoni, akakisimamisha juu ya kichwa cha dubu. "Hapa kuna kasoro. Ukingo umekwanguliwa kwa kisu, mpaka rangi na mti vimetoka. Haukuchakaa tu. Mtu alifanya makusudi. Bila hili ningesema elfu arobaini na tano. Nalo, elfu thelathini."

Niligeuka nimtazame Gjermund, na ninakiri kwamba nililifurahia sana tendo hilo la kugeuka.

Ningeondoka dakika ile ile ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini mthamini alikuwa ameshalipindua bakuli. Tako lake lilikuwa jeusi, limepakwa masizi na lami tangu nilipolijua. Akasugua kwa pamba nyingine, polepole, na alama ikaanza kutoka: msalaba wenye mguu mmoja uliopinda, na nukta mbili juu yake, vimechongwa ndani ya mti.

"Alama ya shamba," alisema. "Walikuwa wakiazimana vyombo wakati wa sherehe, kila shamba linachonga alama yake chini ili kila chombo kirudi kwao. Hii ni ya nani? Mtu ataijua hapa."

Hakuna mtu ukumbini ambaye hakuijua. Imechomwa kwa moto kwenye mlango wa ghala la Uppigard, kubwa kama sahani. Iko kwenye mipini ya uma za kuzolea majani makavu na kwenye vichwa vya magogo. Gjermund aliiweka saa yake sakafuni taratibu.

"Kumbe ndiko lilikokwenda," alisema.

"Nini kilichokwenda?"

"Nyumbani tulisimuliwa kwamba tulikuwa na bakuli la wanyama, likaibwa na watu wa Brattli. Nilidhani ni maneno ya bibi tu."

"Angalia mdomo wako, Gjermund."

"Mdomo wangu hauna shida. Angalia chini ya bakuli lako."

Benedikte Wiik alivua miwani.

"Siandiki limetoka wapi mahali penye ubishi," alisema. "Kesho nipo hapa mpaka saa nane mchana. Mkija na kauli moja, nitaiandika. Mkija na kauli mbili, nitaandika mwaka na bei, na mahali pa asili nitaacha wazi. Kwenye mnada pengo hilo watu hulijaza wenyewe."

Nililirudisha bakuli kwenye foronya.

"Unaondoka nalo?" aliuliza Gjermund.

"Nililoingia nalo ndilo ninalotoka nalo."

Barabarani niliwaza mambo mawili. La kwanza lilikuwa rahisi: kumwambia mama mkubwa ni la 1794, krona elfu thelathini, na kuyameza yaliyobaki. La pili lilikuwa kwamba nusu ya kijiji ilikuwa imesikia, na nusu nyingine ilikuwa inapigiwa simu wakati huo huo. Jana tulikuwa waongo. Leo tulikuwa wezi. Sikuwa tayari kumwachia mtu mwingine aamue lipi libaki. Nikapita njia panda ya nyumbani bila kukata kona, nikaenda moja kwa moja nyumba ya wazee anakoishi mama mkubwa.

Alikuwa amekaa dirishani anacheza karata peke yake, na alikuwa anajiibia.

"Ni la kweli," nilisema.

"Najua."

"La 1794."

"Imeandikwa ndani. Najua kusoma."

"Na ni la Uppigard."

Karata ilibaki hewani. Kisha akaiweka chini, mahali isipotakiwa.

"Nani alilipindua?"

"Yule mthamini. Aliyafuta masizi."

"Mama yangu ndiye aliyeyapaka. Alisema mtu yeyote asiangalie chini."

"Mama mkubwa, tuliliiba?"

"Kaa kwanza. Umesimama kama askari."

Nikakaa kitandani. Alikusanya karata zote, akazipanga, akazigonga mezani zikawa sawa.

"Alipokufa mzee Tarald wa Uppigard," alisema, "babu yangu Gunleik alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Ilikuwa Februari. Kutoka Uppigard mpaka kanisani unaijua njia. Walilibeba mabegani mpaka chini, theluji mapajani, wakarudi kwa miguu kwenye karamu. Sasa kwenye karamu ya Uppigard bakuli la wanyama lilizunguka meza kubwa. Watu wa vibandani walisimama karibu na mlango, na wao walikuwa na kata yao ya mti, imefungwa kwa kamba. Kila mtu alijua. Ila kulikuwa na mgeni mmoja kutoka bonde lingine, naye hakujua. Alimwona mtu aliyekuwa amebeba jeneza, ndevu zimeganda barafu. Alimpa bakuli kama ambavyo angempa mtu mwingine."

"Naye akanywa."

"Alikuwa na baridi. Alikunywa. Aliposhusha bakuli, meza nzima ilikuwa inamtazama. Akaja Eilev, mtoto wa marehemu, bwana mpya. Akamnyang'anya. Akatoa kisu, akakwangua pale mdomo wa babu ulipokuwa, mbele ya watu wote. Alikwangua mpaka mti ukaonekana. Akataka liendelee kuzunguka, lakini hakuna aliyetaka kulipokea tena. Basi akafungua mlango akalitupa kwenye ngazi. Akasema, haya, limeshakuwa lako."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Alimngoja amalize.

"Walidhani ataliacha pale pale," alisema. "Mtu wa kibandani angepita juu yake akaenda zake na aibu yake. Babu aliinama akaliokota. Akalipeleka nyumbani, na kila Krismasi tulilinywea. Baadaye Eilev alipoulizwa liko wapi, aliona afadhali kusema limeibwa."

"Miaka yote hii. Kwa nini hukusema?"

"Niwaambie nini mawifi zangu? Kwamba kitu pekee nilichokuja nacho kwenye ndoa kilitupwa nje kwa sababu babu yangu alikinywea? Afadhali waniite mwongo. Mwongo alikaa nao meza moja."

Nilitazama mikono yangu. "Kesho nataka kuyasema haya ukumbini. Nipe ruhusa, au ninyime."

Alianza kupanga karata upya, tatu, nne, tano.

"Ukisema, sema mbele ya Gjermund mwenyewe. Usimzunguke. Na useme babu aliliokota. Hilo usilisahau."

"Na akisema ni hadithi tu?"

"Wewe si unajua mti? Mti ulikuwepo. Uulize."

Nilifika karakana jua likiwa bado juu ya mlima. Niliweka bakuli kwenye meza ya kazi, nikavuta lenzi ninayotumia kutafutia vibanzi vidoleni. Jambo la kwanza lilikuwa jepesi: vanishi ya Torstein ilikuwa imeingia ndani ya mkwaruzo na kukauka humo, kwa hiyo mkwaruzo ni wa kabla ya 1956. Chini ya vanishi mti uliokwanguliwa ulikuwa umekolea rangi kama chai. Ulikuwa wa zamani, wa zamani sana.

La pili lilinichukua muda. Kisu kinapoingia kwenye mti huacha ngazi ndogo, na kinapotoka hufifia kama mkia. Hapa ngazi ilikuwa upande wa kulia na mkia upande wa kushoto. Nilichukua moja ya yale mabakuli yangu matatu ya watalii, nikamwaga misumari, nikakwangua ukingo. Ngazi yangu ilikuwa kushoto, mkia kulia. Nikageuza bakuli, nikageuza kisu, nikajipinda mwenyewe. Haikuwezekana bila kujikata. Kisha nikahamishia kisu mkono wa kushoto, na mkwaruzo ukatoka vile vile kama ule wa karibu na dubu, isipokuwa wangu ulikuwa mbaya kwa sababu mkono wangu wa kushoto ni mjinga.

Nililala vizuri.

Jumapili ukumbi ulikuwa umejaa kuliko Jumamosi, na wengi hawakuwa wamebeba kitu cha kuthaminiwa. Gjermund alikuwa amekaa karibu na meza, mikono kifuani, bado amevaa koti la kanisani. Niliweka bakuli mbele ya mthamini, na la watalii pembeni yake. Nikayasema yote kama nilivyoyasikia: jeneza, mgeni, kisu, ngazi ya mlango. Nilisema pia kwamba babu yake Aslaug aliinama akaliokota. Sina ufundi wa kusimulia, kwa hiyo haikuchukua muda.

"Hadithi nzuri," alisema Gjermund. "Mtu mwenye bakuli la watu angekuja na ipi nyingine?"

"Una kisu?"

"Nina kisu siku zote."

"Hata kanisani?"

"Kasisi akihubiri sana nachonga."

"Kwangua hapa," nikasema, nikamsogezea lile la watalii. "Kama mtu anayetaka kuondoa kitu ukingoni. Usifikiri, kwangua tu."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. Lakini kumwambia mtu wa Uppigard asifanye jambo mbele ya watu ni vigumu, na kumwambia afanye ni vigumu vile vile, na safari hii alifanya. Alishika bakuli kwa mkono wa kulia, kisu kwa mkono wa kushoto, akakwangua mara tatu. Maganda mekundu yakaanguka kwenye suruali yake. Kisha nikachukua kisu chake mimi, nikakwangua pembeni yake kwa mkono wangu wa kulia.

"Dada," nilimwambia mthamini, "tazama mikwaruzo hii mitatu."

Alitazama kwa lenzi yake, ambayo ilikuwa bora kuliko yangu. Alitazama ule wa dubu, wa Gjermund na wangu, akaurudia ule wa dubu.

"Huu na wa bwana huyu inaenda upande mmoja," alisema. "Wako unaenda kinyume. Aliyekwangua bakuli hili alitumia mkono wa kushoto, na alifanya hivyo zamani sana, kabla ya vanishi." Akaweka lenzi chini. "Kuna jambo lingine nililopaswa kuliona jana. Mwizi angekwangua alama ya chini. Hii haijaguswa, imepakwa tu masizi. Mtu alikwangua mahali pa kunywea akaiacha alama. Mwizi hafanyi hivyo."

Gjermund alilichukua bakuli la kweli. Aliweka kidole gumba cha kushoto kwenye mkwaruzo. Kilikaa. Alikiacha hapo muda mrefu, na safari hii hakuna kwenye foleni aliyenung'unika.

"Bibi yangu alikuwa na kikombe cha bati," alisema mwishowe, na hakuwa anamwambia mtu hasa. "Cha wafanyakazi. Kilining'inia kwa kamba nje ya mlango wa jikoni. Hakukiosha ndani ya nyumba. Hata theluji ikiwa kiunoni alitoka nacho nje na maji ya moto. Nilikuwa nikimuuliza kwa nini, akasema ndivyo kinavyooshwa."

Akalirudisha bakuli mezani.

"Andika," alimwambia mthamini. "Limetoka Uppigard, na sisi ndio tuliolitoa. Halikuibwa."

"Na mkwaruzo?"

"Utaandika dubu uache mkwaruzo? Si uko hapo? Andika na aliyeufanya. Eilev. Aandikwe."

Benedikte Wiik aliandika ukurasa mzima kwa mwandiko mdogo. Gjermund akatia sahihi kama shahidi, mkono wake ukaburuta wino juu ya jina lake kama unavyofanya siku zote. Nikauliza bei.

"Elfu thelathini bado. Mnada utahesabu kasoro. Jumba la makumbusho pengine lingehesabu kingine, ila hilo siwezi kuliandika. Naandika ninachoweza kukitetea."

"Inatosha," nilisema.

Nilikuwa nafungua mlango wa gari Gjermund aliponifuata.

"Unakwenda kwake sasa?"

"Ndiyo."

"Ningoje dakika ishirini."

Alirudi na chupa mbili za bia yake, ile anayopika ghalani, nyuma ya mlango wenye alama kubwa kama sahani. Njiani aliuliza kama mlango wa jikoni unaweza kugeuzwa. Nilisema unaweza, na kwamba atalipa.

Muuguzi aliziona chupa, akamtazama Aslaug, kisha akakumbuka kazi mahali pengine.

Mama mkubwa hakumsalimu Gjermund. Alinyoosha mkono apewe karatasi, akaona maandishi ni madogo, akanirudishia nimsomee. Nilisoma yote. Nilipofika kwenye mkwaruzo nilitaka kupunguza sauti, akaniambia nisome kama mtu mzima. Akataka nisome tena kutoka mwanzo.

"Elfu thelathini," alisema. "Mawifi zangu wamekufa mapema mno." Kisha akamgeukia Gjermund. "Na wewe umekuja na chupa."

"Nimekuja na chupa."

"Basi usiishike tu kama mtoto mchanga."

Alimimina. Bakuli halikuwa limetiwa kitu tangu Torstein alipofariki, nami nilikuwa na kitambaa tayari, kwa sababu mti mkavu huvuja. Halikuvuja hata tone. Ile vanishi ya sakafu, kwa mara ya kwanza, ilifanya kazi ya maana. Povu likapanda mpaka karibu na masikio ya wanyama.

Aslaug alilishika kwa mikono miwili, akanywea upande wa sungura, akanywa vizuri. Kisha akalinyoosha juu ya meza, na Gjermund akalipokea.

Hakunywa papo hapo. Aliligeuza taratibu mikononi ili lisimwagike. Mbweha akapita, akapita mbwa mwitu, kulungu, kindi. Alipofika kwa dubu akasimama. Akaweka mdomo juu ya ule mkwaruzo, akanywa mpaka tukaona koo lake likipanda na kushuka mara tatu. Akashusha bakuli, akajigusa mdomo kwa kidole.

"Panakwaruza," alisema.

"Najua," alisema mama mkubwa. "Mimi nilianza kunywea hapo nikiwa na miaka minne. Mpe Sveinung, halafu linirudie."